Mtega sikio wa mtaa wa Pauger

Ni Jumatatu, jua limeshapanda juu ya mapaa, na kitu pekee cha Royce Encalade kinachoonekana ni viatu. Vimechomoza chini ya nyumba ya Bi Leontine Trepagnier, mtaa wa Pauger, nyayo zikiwa zimeelekea barabarani. Mwili wake wote uko uvunguni, katikati ya nguzo fupi za matofali zilizoibeba nyumba, mahali ambapo paka wa mtaa huzalia na mtu mzima husogea kwa viwiko.

Juu yake, kibarazani, Bi Leontine mwenye umri wa miaka themanini na minne anazungumza na vile viatu.

"We Royce! Umelala huko?"

"Ninasikiliza, Bi."

"Unasikiliza nini? Nyumba imeanza kuhubiri?"

"Ikianza nitakuita uje useme amina."

Kutoka dirisha la jikoni inakuja harufu ya maharage mekundu na soseji. Jumatatu katika Kata ya Saba ya New Orleans, sufuria haijui kitu kingine. Bi Leontine ameshatangaza sharti lake tangu asubuhi: atakayetoka uvunguni na habari mbaya asitegemee sahani.

Royce ana miaka hamsini na saba, na kazi yake ni kuzuia nyumba za watu zisiliwe na mchwa. Ana gari dogo la mizigo lililochakaa, pipa la dawa, koleo, tochi, na bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mti uliong'aa kwa kushikwa. Kwa ncha ya bisibisi huchoma mbao kuona kama zina nyama ndani. Kwa mpini hugonga, kisha hutega sikio.

"Ubao mzima unakujibu kwa kifua," anasema. "Ubao ulioliwa unakujibu kwa pua, kama mtu mwenye mafua. Na kuna mwingine hauhitaji hata kuugonga. Unaweka sikio tu, unawasikia wenyewe."

Mei ndio mwezi wake. Jioni za mwezi huu, joto linapotulia na upepo ukikata, kumbikumbi hutoka kwa maelfu na kuzingira kila taa. Jirani wa kwanza kuwaona hupiga kelele, "Zima!" na neno hilo hukimbia mtaa mzima, kibaraza hadi kibaraza, mpaka nyumba zote ziwe giza. Chakula cha jioni huliwa kwa kupapasa. Watoto hushangilia, wazee hupiga soga, na anayesahau taa ya bafuni husimangwa mpaka Krismasi.

Jumamosi iliyopita, mkesha wa Siku ya Mama, Bi Leontine alizima taa zake kama kila mtu. Alikuwa amekaa kitandani katika chumba cha mbele, anasema, akisubiri wadudu wapite zao, aliposikia kitu kikimtambaa kwenye nywele. Halafu kingine shingoni. Halafu vingi.

"Nikajiuliza, wananifuata nini mimi gizani? Mimi siyo taa."

Aliwasha tochi. Kumbikumbi walikuwa wakimiminika kutoka ufa ulio kando ya dirisha, kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Hawakuwa wameingia kutoka nje. Walikuwa wakitoka, na walikokuwa wakitoka ni ndani ya ukuta wake.

Hakulala tena. Asubuhi, kabla ya misa, alifagia mbawa zikajaa kizoleo. Binti yake Clotilde alipompigia simu kutoka Atlanta kumtakia heri ya Siku ya Mama, akamweleza.  Clotilde akasema lile neno ambalo Bi Leontine amekuwa akilikwepa tangu awe mjane: "Mama, nyumba ikishindikana, unakuja kukaa kwangu."

"Atlanta!" Bi Leontine analitaja jiji hilo kama mtu anayetaja jino bovu. "Nina miaka sitini na mmoja katika nyumba hii. Nikienda Atlanta nitamjua nani? Hata misa yao sijui wanaimba nini."

Viatu vinatingishika, vinarudi nyuma, na polepole Royce mzima anazaliwa upya mbele ya kibaraza, utando wa buibui ukiwa kwenye nyusi. Anajikung'uta. 

"Nawa mikono ule," anasema Bi Leontine, akimchunguza usoni.

Royce anakula. Anakula sahani ya kwanza akisifia soseji. Anakula ya pili bila kusifia chochote. Anapoinuka kutaka ya tatu, mwenyeji wake anafunika sufuria.

"Mwanangu, hata mama yako alikuwa akila kimyakimya akiwa na neno. Liteme."

Royce anaweka kijiko chini. "Ni groto, Bi."

Nyumba ya Bi Leontine ni nyembamba na ndefu, vyumba vikifuatana kama mabehewa. Mbele yake, kulia kwa ngazi, kuna groto ya Bikira Maria: kibanda cha matofali kilichopigwa lipu nyeupe, juu yake upinde wenye umbo la kombe la baharini, na miguuni kitanda cha udongo kilichojaa waridi. Mumewe Ferdinand aliijenga kwa mikono yake mwaka walipopata mtoto. Alikuwa fundi lipu, mtoto wa fundi lipu, katika kata ambayo nusu ya wanaume waliwahi kushika mwiko. Watu walikuwa wakija kutoka ng'ambo ya jiji kuupapasa ule upinde.

Lakini Ferdinand aliijenga groto ikiwa imeuegemea ukuta wa nyumba, tofali likigusa ubao na udongo wa waridi ukilalia boriti ya chini. Aliziba kila mwanya kwa lipu safi, kwa sababu fundi wa Kata ya Saba haachi mwanya.

Royce amekuwa akiiambia nyumba hii maneno yaleyale kila masika: kitu chochote kinachogusa ardhi kisiguse mbao. Kila masika Bi Leontine alimjibu kwa kipande cha keki.

Sasa anamweleza kilichoko chini. Mchwa wamepanda kutoka kwenye udongo wa waridi, wakiwa wamejificha nyuma ya lipu, penye kivuli na unyevu, pasipo na jicho la mtu. Wameingia kwenye boriti ya mbele. Bisibisi imezama hadi mpini.

"Boriti zingine bado nzima," anasema Royce. "Sakafu nzima. Ukiniruhusu wiki hii, nyumba itasimama, Bi. Ukisubiri mpaka Mei nyingine, sitakudanganya, sijui kama nitakuwa na kitu cha kuokoa. Lakini groto lazima itoke ukutani. Haihamishiki. Itabidi ivunjwe."

Bi Leontine anafuta meza iliyo safi. "Hapana," anasema.

"Bi..."

"Weka dawa. Weka pipa zima. Ferdinand hajengi, mtu akavunja."

"Dawa haipiti kwenye lipu yake. Aliipiga vizuri mno. Hata maji hayapiti."

Hilo lilikusudiwa kuwa faraja, lakini linamwangukia mama huyo vibaya. "Kwa hiyo unasema ni yeye ndiye anayeiua nyumba yangu?"

Royce anainamisha kichwa. Watu wengi humuuliza kwa nini, katika kazi ngumu zote, akachagua hii ya kutambaa matopeni akipeleka habari mbaya. Jibu liko ng'ambo ya mfereji wa meli unaoligawa jiji, mtaa wa Lizardi, kwenye kiwanja chenye nyasi zinazofika magotini.

Hapo palikuwa nyumbani kwa mama yake, Philomène. Gharika ile kubwa ya mwaka 2005 iliifikia nyumba hadi madirishani, kisha ikarudi, na nyumba ikabaki imesimama. Familia ilikuwa imekimbilia Houston. Royce, wakati huo dereva wa gari la taka, alishukuru Mungu na kuanza kudunduliza akiba ya kuikarabati. Ilichukua muda. Siku aliyomleta mama yake nyumbani, akiwa amevaa kofia yake ya kanisani, Royce alisukuma mlango na mlango ukaanguka ndani pamoja na fremu yake, taratibu, kama mtu aliyechoka. Rangi ndiyo iliyokuwa imeishikilia nyumba. Nyuma ya rangi hapakuwa na kitu.

"Maji yalituachia nyumba," anasema. "Mchwa wakaimaliza kimya kimya. Mama alisimama pale na kofia yake, akasema, 'Basi, turudi.' Hakulia. Heri angelia."

Philomène alifia Houston. Royce aliacha gari la taka, akaenda kubeba mabomba kwa fundi mmoja wa mchwa, akafanya mtihani wa leseni, akafeli, akaufanya tena. Sasa ana miaka kumi na minne akijitegemea. Mwaka mzuri humpa kama dola elfu arobaini na mbili kabla ya kulipia dawa, bima na gari, na sehemu kubwa huja Mei na Juni. Kuanzia Novemba mchwa hupoa na yeye huishi kwa kuziba mabomba ya majirani. Magoti yake yote mawili yana maneno, anasema, na la kushoto lina matusi.

Nje kunasikika mtu akikohoa makusudi. Ni Numa Glapion, jirani wa nyumba ya tatu, mzee mnene wa miaka sabini na tisa aliyefanya kazi na Ferdinand tangu ujana wao. Hajaalikwa. Jumatatu Numa huwa haalikwi, hufuata harufu.

"Nimesikia kumbikumbi wamekufanyia sherehe ya Siku ya Mama," anasema akijivutia kiti. "Wangu mimi hawajanikumbuka hata kwa kadi."

"Kaa, ule, ufunge mdomo," anasema Bi Leontine.

"Vyote vitatu kwa pamoja siwezi."

Anaelezwa habari. Anatafuna polepole, akiitazama groto kupitia dirishani. Naye hataki ivunjwe. Yeye ndiye aliyeichanganya lipu ya ule upinde, anasema, na Ferdinand alimfokea mara tatu kwa kuiweka nyepesi.

 Royce anainuka, anaenda chumba cha mbele, anapiga goti lake la matusi kando ya kitanda na kuweka sikio ukutani, nyuma ya mahali ilipo groto. Kisha anamwita mwenye nyumba.

"Njoo usikie mwenyewe, Bi. Halafu utaamua, na utakaloamua nitalifuata."

Anagonga ukuta mara mbili kwa mpini wa bisibisi. Ndani ya mbao kunajibu kitu: tiki-tiki-tiki-tiki, chepesi, cha haraka, kama shanga za rozari zikimwagika kwenye sahani.

"Hao ni askari wao," anasema Royce. "Wakishtuliwa wanagonga vichwa kwenye ubao, kuwaonya wenzao."

Bi Leontine hajainama. Hana haja ya kuinama. Amesimama mkono ukiwa kwenye chuma cha kitanda, na uso wake umebadilika.

"Ndio hao?" anauliza. "Hicho ndicho?"

"Ndio hao, Bi."

Anakaa kitandani taratibu. Numa anaacha kutafuna na kuja mlangoni.

"Tangu kipupwe," anasema Bi Leontine, akiongea na mikono yake. "Nikishazima taa, nikishasali. Nilikuwa nasikia hapo ukutani. Ferdinand alikuwa na tabia ya kugonga lipu kwa ukucha kusikia kama imekauka. Nikasema, ni yeye. Amekuja kukagua kazi yake." Anaonyesha ukuta kwa kidole. "Nikawa nagonga mara mbili kumwambia usiku mwema. Na alikuwa akijibu, Royce. Kila mara nikigonga, alikuwa akijibu."

Hakuna anayecheka. Royce bado amepiga goti, na bisibisi mkononi mwake inaonekana kama kitu alichokosea kukileta. 

Ni Numa anayezungumza, kwa sauti ya chini.

"Leontine, dada yangu. Mimi nimefanya kazi na mumeo miaka thelathini na tano. Ferdinand akikagua lipu, aligonga mara moja tu. Ya pili alikuwa anakugonga wewe kichwani."

Bi Leontine anamtazama. Bega lake linatikisika, kisha la pili, na inachukua muda kujua kama ni kilio au kicheko. Ni vyote viwili. Royce naye anaangua, machozi yakichora njia kwenye vumbi la mashavu.

"Mungu wangu," anasema Bi Leontine akijifuta kwa upindo wa gauni. "Miezi yote hiyo nawatakia mchwa usiku mwema."

"Ndiyo maana wamenenepa," anasema Numa.

Bi Leontine anapotulia, anainuka mwenyewe, bila kushikwa mkono, na kwenda kibarazani kuitazama groto. "Angekuwepo yeye," anasema, "na wewe ukamwonyesha boriti hiyo, angefanya nini?"

"Angenitukana," anasema Royce. "Halafu angekwenda kuchukua sururu."

"Angekutukana sana." Anavuta pumzi. "Vunjeni. Lakini Mama Maria asiwekwe chini kwenye udongo hata dakika moja. Atakaa kitandani kwangu."

Na ndivyo inavyokuwa. Jumatano sanamu ya Bikira Maria inalala kwenye kitanda cha Bi Leontine, kichwa kwenye mto, huku nje Numa akikataa katakata mtu mwingine kupiga pigo la kwanza. Anaupapasa upinde, ananong'ona kitu, anapiga. Inawachukua asubuhi nzima. Ferdinand hakuwa amejenga kwa ajili ya kuvunjwa. Lipu inapofunguka, nyuma yake njia za udongo zimepanda ukutani kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Upinde unatoka mzima. Numa anaufunga kwa blanketi na kuondoka nao bila kumweleza mtu anaupeleka wapi.

Seremala anaiinua nyumba kidogo kwa jeki na kubadilisha boriti ya mbele. Royce anachimba mtaro kuizunguka nyumba, kwa koleo, akipumzisha goti kila kona, kisha anaunywesha udongo dawa polepole. Kazi ya namna hii fundi mwingine huimaliza haraka. Yeye anaipenda polepole.

"Dawa ni kama sala," anasema. "Ukikimbia, kuna mahali utaparuka. Na mchwa hutafuta pale pale uliporuka."

Ijumaa Numa anarudi na matofali, mchanga na ule upinde. Groto mpya inainuka katikati ya kiwanja kidogo cha mbele, ikisimama kwa miguu yake yenyewe. Mabishano ni kuhusu umbali wake na ukuta.

"Mtu aweze kupita katikati akikagua," anasema Royce.

"Basi tupime kwa tumbo langu," anasema Numa.

"Kwa tumbo lako itakuwa Atlanta," anasema Bi Leontine kutoka kibarazani, na ni mara ya kwanza wiki hiyo analitaja jina hilo akicheka.

Mapema Juni, Royce anarudi kukagua. Ni jioni, na joto limeganda. Mtu mwisho wa mtaa anapaza sauti, "Zima!" Taa zinakufa moja baada ya nyingine, na Pauger inabaki na sauti tu: viti vya bembea, barafu kwenye glasi, Numa akimlaumu mtu kwa taa ya bafuni.

Katika chumba cha mbele Royce anapiga goti gizani. Anagonga ukuta kwa mpini, anatega sikio. Anasogea, anagonga tena. Anakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Unasikia nini?" anauliza Bi Leontine.

"Sisikii kitu, Bi. Mbao tu."

Bi Leontine anasogea kando yake. Ananyoosha kidole na kugonga ukuta mara mbili, taratibu, kama alivyozoea. Wote wawili wanasubiri. Ukuta haujibu.

"Haya," anasema, na kuuacha mkono wake pale juu ya ubao kwa kitambo. "Usiku mwema, basi."

Baadaye, kibarazani, akiwa na glasi ya chai ya baridi asiyoiona kwa giza, Royce anaeleza mpango wake. Kile kiwanja cha mtaa wa Lizardi bado ni cha familia. Mwakani, goti likikubali, ataanza kujenga: nyumba ndogo, nguzo ndefu kuliko za jirani yeyote, na kuzunguka kote hakuna ua wala ngazi itakayoegemea ukuta. Numa ameahidi kupiga lipu, kwa malipo ya maharage.

"Sitaki nyumba kubwa," anasema. "Nataka jioni moja ya Mei nizime taa, nilale kwenye sakafu ya mama yangu, niweke sikio, nisisikie kitu."

"Na mimi utanialika?" inauliza sauti ya Bi Leontine kutoka gizani.

"Wewe ndiye utakayegonga, Bi."